Mtapo: Mti uliolisha watu wakati wa njaa bado una sumu yake

MSOMAJI mpenzi, huenda umewahi kuketi kando ya mmea huu bila kuujua jina. Umepandwa katika bustani za hoteli nyingi za Mombasa na Malindi, mbele ya ofisi za Nairobi, na katika nyua za watu wanaopenda maua. Ni mmea mfupi na mnene, wenye shina lililojaa magamba, na juu yake majani magumu yaliyopangika kama manyoya ya bawa la ndege. Wengi hudhani ni mnazi wa mapambo au aina ya mkindu. Sivyo hata kidogo. Huyo ni ndugu wa mtapo, na karibu kila sehemu yake ina sumu.

Mtapo wenyewe ni mti wa porini. Ukivuka kutoka kisiwa cha Lamu kwa mashua hadi Mokowe, ukafika Hindi, njia moja itakupeleka Mpeketoni na Witu, na nyingine itakupeleka Bargoni hadi msitu wa Boni. Kote huko uko katika ukanda wa misitu ya pwani, ule unaoanza kusini mwa Somalia na kushuka hadi Tanzania. Mtapo ni mti wa ukanda huo, na hata Unguja upo. Katika ukanda huo watu wa zamani waliujua mti huu kwa mambo mawili: kwamba unaua, na kwamba wakati wa njaa unaweza kukuvusha hadi mvua nyingine.

Juma hili tumeamua kuuzungumzia kwa sababu moja. Karne iliyopita watu wa pwani walikuwa na wazee waliojua kuugeuza mti huu kuwa unga. Leo wazee hao ni wachache, lakini njaa haijaondoka. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022 Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na Lamu ni miongoni mwa kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Wakati kama huo watu hukumbuka vyakula vya kale. Hatari ni kukumbuka kwamba mtapo uliliwa, na kusahau jinsi ulivyoliwa.

Mtapo ni mmea gani?

Jina mtapo hutumiwa kwa mimea miwili inayofanana. Wa kwanza wataalamu huuita Encephalartos hildebrandtii. Jina hilo la pili linatokana na Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Mashariki katika miaka ya 1870. Mmea huu uliandikwa rasmi katika vitabu vya sayansi mwaka 1874. Hukua hadi kufikia mita 6, na majani yake huweza kuwa na urefu wa mita 2 hadi 3. Wa pili ni Cycas thouarsii, ambao hupatikana pia Komoro na Bukini.

Jina la kwanza, Encephalartos, lina hadithi yake. Limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkate ulio ndani ya kichwa. Aliyelibuni mwaka 1834, mtaalamu Mjerumani aitwaye Lehmann, alikuwa amesikia kwamba Waafrika wa kusini hutengeneza mkate kutokana na moyo wa shina la mti huu. Kwa hiyo hata jina lake la kitaalamu linatangaza kwamba ni chakula. Linalokosekana katika jina hilo ni onyo.

Mitapo haina maua. Badala yake huzaa kitu kama nanasi kubwa au kama bunzi nene la mahindi, na ndani yake mna mbegu. Kuna mti dume na mti jike, na ule wa kike peke yake ndio uzaao mbegu. Wadudu aina ya mbawakawa ndio wanaobeba chavuo kutoka dume hadi jike. Mbegu zikiiva hupasuka na kuonekana, zikiwa na nyama nyekundu juu na kokwa gumu ndani.

Hapo ndipo mtu asiyejua hudanganyika. Nyani, tumbili na ndege wakubwa wa msituni huila ile nyama ya nje ya mbegu za jamii hii, kisha hulitupa kokwa. Anayewatazama kwa mbali husema, alacho tumbili nami naweza kula. Haoni kwamba tumbili ameacha sehemu yenye sumu kali zaidi.

Sumu hufanya nini mwilini?

Sumu kuu ya mitapo huitwa saikasini. Kwa umbo lake ni sukari iliyoshikana na kitu kingine kibaya. Ikiwa imeshikana hivyo haina madhara makubwa. Shida huanza inapofika tumboni. Katika matumbo yetu wamo vijidudu vingi vinavyotusaidia kumeng'enya chakula, na baadhi yake huivunja ile sukari na kuiacha huru ile sumu iliyokuwa imefungwa. Damu huichukua na kuipeleka kwenye ini.

Jambo hili lilithibitishwa katika miaka ya 1960 kwa njia ya ajabu kidogo. Watafiti walilea panya katika mazingira safi kabisa, hata matumboni mwao hamkuwa na kijidudu hata kimoja. Walipowapa saikasini, panya hao hawakudhurika. Sumu iliingia na kutoka. Panya wa kawaida waliopewa sumu hiyo hiyo waliugua. Kwa maneno mengine, ni tumbo letu wenyewe linalofungua mlango.

Dalili za mtu aliyekula mbegu za mtapo ambazo hazikutayarishwa sawasawa ni hizi: kichefuchefu, kutapika kwa nguvu mara nyingi, maumivu ya tumbo, kuhara, kuumwa na kichwa, kizunguzungu na udhaifu wa mwili. Sumu ikiwa nyingi ini huathirika, na mgonjwa anaweza kupoteza fahamu.

Huko Taiwan madaktari walichunguza wagonjwa 21 waliokula mbegu za jamii hii kati ya mwaka 1990 na 2001. Waliokula mbegu chache zaidi walikula 1 tu, na waliokula nyingi walifikia 30. Karibu wote walitapika sana. Kwa baadhi yao matapishi yalianza nusu saa baada ya kula, na kwa wengine baada ya saa 7. La kuzingatia, msomaji, ni kwamba watu hao hawakuzila mbegu mbichi. Walizisafisha na kuzipika. Moto peke yake hauitoi sumu hii.

Usione vyaelea

Sasa utauliza, kama mambo ni hayo, watu wa zamani waliulaje mti huu na wakapona?

Jibu ni maji, jua na subira. Saikasini huyeyuka katika maji. Pia huharibika kitu kinapoachwa kichache. Akina mama wa pwani hawakuwa na maabara, lakini walilijua hilo kwa mikono yao. Taratibu zilitofautiana kutoka mahali hadi mahali, ila hatua zake zilikuwa za namna moja. Mbegu ziliondolewa nyama ya nje, zikapasuliwa, kokwa likakatwakatwa vipande vidogo vyembamba na kuanikwa. Vipande vilivyokauka vililowekwa, maji yakamwagwa, yakatiwa mengine, yakamwagwa tena. Pengine vilifunikwa hadi vioze na kuota ukungu, halafu vikaoshwa na kuanikwa upya. Mwisho wake ndipo kinu na mchi vilipoingia kazini. Unga ulichekechwa, ukapikwa uji au sima. Moyo wa shina nao ulipitia safari kama hiyo.

Ni kazi ya siku nyingi kwa chakula kidogo, na maji mengi mahali ambapo maji yenyewe ni ya kisima au ya mvua iliyogoma kunyesha. Hakuna aliyeifanya kwa kupenda. Mtapo ulikuwa akiba ya mwisho, baada ya mahindi, muhogo na viazi vikuu vya porini kwisha. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na sima ya mtapo nayo iliundwa, tena kwa jasho.

Utaona kwamba sikukuandikia vipande vilowekwe siku ngapi, wala maji yabadilishwe mara ngapi. Nimefanya hivyo makusudi. Idadi ya siku hutegemea unene wa vipande, wingi wa maji, joto la hewa na aina ya mtapo wenyewe. Aliyejua alijua kwa kuonja kwenye ncha ya ulimi, kwa kunusa, kwa kuangalia rangi, na kwa kuwa alisimama kando ya mama yake akitazama. Ujuzi huo hauhamishwi kwa mistari miwili ya gazeti. Anayejaribu kwa kuhesabu siku tu anacheza na maisha ya watoto wake.

Waliodanganyika

Historia imejaa watu waliouona mti huu, wakasikia kwamba wenyeji huula, wakaula bila kuuliza unaliwaje.

Mwaka 1770 meli ya nahodha James Cook iliharibika karibu na pwani ya Australia. Wakati wa kuitengeneza, baadhi ya mabaharia waliona maganda ya mbegu za mtapo wa huko katika makambi ya wenyeji. Wakazichuma na kuzila. Waliugua vibaya. Nguruwe wa meli nao wakapewa, na baadhi yao wakafa. Wenyeji wa mahali hapo walikuwa wakila mbegu zizo hizo kila mwaka, lakini baada ya kuziloweka.

Mwaka 1901, katika vita vya Makaburu na Waingereza, kikosi cha Jan Smuts kilikuwa kikikimbizwa katika milima ya Zuurberg, Afrika Kusini. Wapiganaji walikuwa na njaa. Wakakutana na Encephalartos wa huko, ndugu wa karibu wa mtapo wetu, wakala. Muda si muda wengi walikuwa chini wakijikunja kwa maumivu, na Smuts mwenyewe alizimia, ikadhaniwa hataamka. Adui alikuwa karibu, ikabidi abebwe juu ya farasi. Huyo ndiye Smuts aliyekuja kuongoza majeshi ya Uingereza hapa Afrika Mashariki mwaka 1916 dhidi ya Wajerumani, na baadaye akawa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini. Kidogo mbegu za mtapo zimwondoe duniani mapema.

Huko Okinawa, Japani, bei ya sukari ilianguka katika miaka ya 1920 na watu wakafukarika. Hawakuwa na mchele wala viazi, wakageukia mtapo wao uitwao sotetsu. Wajapani walikuwa na ujuzi wa kuutayarisha. Lakini mwenye njaa hana siku nyingi za kungoja, na wapo waliofupisha safari wakafa. Hadi leo Wajapani wanakiita kipindi hicho jehanamu ya sotetsu.

Sumu isiyo na haraka

Mtu aliyetapika akapona atasema, basi yamekwisha. Madaktari hawana hakika hiyo.

Mwaka 1963 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ya unga wa mbegu za mtapo kutoka kisiwa cha Guam, katika bahari ya Pasifiki. Panya waliolishwa unga huo walipata uvimbe wa saratani, hasa kwenye ini na figo. Kwa sababu hiyo saikasini imo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Sumu hiyo pia hupenya kutoka kwa panya mwenye mimba hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Guam hiyo hiyo ina jambo jingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari waligundua kwamba wenyeji wa kisiwa hicho, Wachamorro, walikuwa na ugonjwa wa ajabu. Wengine walidhoofika misuli hadi wakashindwa kumeza na kupumua. Wengine walitetemeka, wakakakamaa na kupoteza kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 ilikadiriwa kwamba ugonjwa wa aina hiyo ulikuwa mwingi Guam mara 50 hadi 100 kuliko sehemu nyingine za dunia. Wachamorro walikuwa wakila mikate ya unga wa mtapo, wanaouita fadang, na walikula zaidi wakati wa vita ambapo mchele ulikosekana.

Je, mtapo ndio uliosababisha? Wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya miaka 60. Kuna wanaoitaja sumu ya pili iliyomo katika mbegu hizo, iitwayo BMAA kwa kifupi, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu. Mwaka 2002 wengine walidai kwamba popo wakubwa walizila mbegu, na watu wakawala popo, hivyo sumu ikaongezeka ngazi kwa ngazi. Wengine hawakubali hata moja kati ya hayo. Linalojulikana ni kwamba ugonjwa umepungua sana kadiri wakazi walivyoacha maisha na vyakula vya zamani. Na huko Australia wafugaji wanajua vizuri kwamba ng'ombe wakila majani ya mitapo hupooza miguu ya nyuma, na hawaponi.

Kama Guam ni mbali, tuje karibu. Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua muhogo mchungu. Nao una sumu, ingawa ni ya aina nyingine, na huondolewa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika. Mwaka 1981 ukame ulipoikumba Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu kwa ghafla. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulionekana Tarime, Tanzania. Huko Kongo unaitwa konzo. Uchunguzi ulionyesha kwamba muhogo haukuwa mgeni kwa watu hao, na namna ya kuutayarisha waliijua. Njaa ndiyo iliyowalazimisha kufupisha siku. Miguu iliyopooza kwa konzo hairudi kama zamani.

Hilo ndilo fundisho linaloufaa mtapo. Mmea wa sumu hutafutwa wakati wa njaa, na njaa ndiyo inayomnyima mtu muda wa kuiondoa sumu.

Je, mtapo ni dawa?

Mitapo ya sehemu mbalimbali imetumiwa pia na waganga. Huko Guam mbegu mbichi zilisagwa na kubandikwa juu ya vidonda vilivyokataa kupona. Afrika Kusini magome ya ndugu za mtapo yameuzwa kwa wingi katika masoko ya dawa za asili, zaidi kwa imani ya kukinga nyumba na mabaya kuliko kutibu ugonjwa.

Hatuwadharau waganga wetu. Dawa nyingi za hospitali zilitoka kwenye miti. Lakini kuna tofauti ya kubandika kitu juu ya ngozi na kukinywa, na hata kubandika juu ya kidonda kibichi ni kuipa sumu njia ya kuingia kwenye damu. Hakuna dawa ya mtapo iliyopimwa kwa binadamu na kukubaliwa kwamba inatibu ugonjwa wowote kwa usalama. Tena sumu yenyewe haina ladha ya kutisha wala haichomi kama asidi, kwa hiyo anayekunywa kidogo kidogo kila siku hatatapika. Ataona dawa imemkubali, kumbe ini linaumia.

Mjini hatari huwa kubwa zaidi. Kijijini mganga anajulikana, na mti wenyewe unaonekana. Mjini unauziwa unga ndani ya karatasi au majani yaliyochemshwa ndani ya chupa. Huwezi kujua kilichomo. Ukiambiwa ni mzizi wa mtapo, au ukiambiwa jina usilolijua, una haki ya kuuliza, na una haki ya kukataa. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na mtu mwenye ugonjwa wa ini, wasithubutu kabisa.

Ufanye nini?

Msomaji, yashike haya:

1. Usile wala usimpe mtu mbegu, majani au unga wa mtapo, hata ukiambiwa umelowekwa. Kama nyumbani kwenu kijijini chakula kimekwisha, piteni kwa chifu au kituo cha afya mapema, kabla ya kufikia mtapo.

2. Kama una mmea wa jamii hii uani, okota mbegu zikidondoka na kuzitupa mbali. Rangi yake nyekundu humvuta mtoto kama peremende. Mbwa pia huzitafuna, na wengi hufa kwa ini kuharibika. Mbuzi na punda wasifungwe karibu na majani yake.

3. Mtu akishakula, msukutulie kinywa kwa maji safi. Usimtapishe kwa kumtia kidole, maji ya chumvi au mafuta ya taa. Maziwa si dawa ya sumu hii.

4. Mpeleke hospitali hata kama ameacha kutapika na anasema ni mzima. Ini huweza kuonyesha madhara siku moja au mbili baadaye. Daktari atataka kulipima kwa damu.

5. Chukua mabaki: mbegu, jani au unga uliobaki. Mwambie daktari ameliwa nini, kiasi gani, na saa ngapi. Usione haya kusema kwamba ni chakula cha njaa au dawa ya mganga. Daktari hakuja kukuhukumu. Ukimficha, atatibu malaria au kipindupindu huku sumu ikiendelea na kazi yake.

6. Usingoje asubuhi. Kwa watu wa visiwani hili ni la muhimu mno. Anayeishi Faza, Siyu au Kizingitini lazima asafiri kwa chombo hadi hospitali ya Lamu, na mlango wa Mkanda haupitiki ovyo maji yakikupwa. Saa moja ya kusitasita huweza kuzaa saa sita za kungoja maji yajae.

Mti wenyewe nao umo hatarini

Baada ya kusema haya yote mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuikata mitapo yote. La hasha. Jamii hii ya mimea ilikuwapo duniani kabla ya nyangumi, kabla ya tembo na kabla ya maua yenyewe. Leo kuna aina zaidi ya 300 duniani, na zaidi ya nusu zimo hatarini kutoweka. Hakuna kundi la mimea lililotishwa kuliko hili. Mtapo wa pwani yetu umewekwa na wataalamu wa kimataifa katika daraja la wanaokaribia hatari.

Sababu zake unazijua. Mtapo hukua polepole sana. Ukibaki dume peke yake bila jike, hakuna mbegu. Misitu ya bara ya Lamu, kama ile ya Kilifi na Kwale, inapungua kwa mashamba, makaa na makazi. Halafu wapo wapenda bustani wanaong'oa mti msituni na kuuleta mjini kwa sababu unapendeza. Biashara ya kimataifa ya Encephalartos waliotolewa porini imekatazwa kwa mkataba wa CITES, ambao Kenya imeutia sahihi. Ukitaka mmea wa aina hii, nunua uliooteshwa kwa mbegu kitaluni, na uliza ulikotoka.

Watu wa misitu ya Lamu, hasa Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, waliishi na miti hii kwa karne nyingi. Walikuwa wawindaji na warina asali, na walipopigwa marufuku kuwinda mwaka 1977, ilibidi waegemee zaidi kilimo na vyakula vya msituni. Vijana wao leo wako shuleni, na baadhi yao wako Mombasa na Nairobi, pengine wanasoma gazeti hili. Wazee wanaoujua msitu mti kwa mti wanapungua mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda nyumbani likizo hii, iwe ni Witu, Pate, Ganze au Msambweni, kaa na bibi yako jioni umwulize habari za miaka ya njaa. Mwulize walikula nini, nani aliyetayarisha, na nani aliugua. Yaandike maneno yake, umsome mwanao. Hayo ni mali. Yakishaandikwa, muage bibi, umwache mtapo pale ulipo msituni, na watoto wako wale sima ya mahindi.